Kioo Kisichoniona

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye jumba la makumbusho katikati ya London, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kuingia ni bure. Tulikuwa tumeshapita masanamu na majeneza ya kale, yeye akiburuta miguu, tukaingia chumba kidogo chenye mwanga hafifu, cha michoro ya karatasi. Hapo ukutani nikakiona. Kioo cha Shangazi Asya.

Si kioo hasa. Kibandiko kilieleza kwamba ni mchoro wa kioo cha mkononi, uliochongwa kwenye bamba la shaba na fundi wa Ulaya karne nyingi zilizopita, kisha ukachapwa kwenye karatasi ili masonara wautumie kama mfano. Kilisema pia kwamba huenda kioo chenyewe hakikutengenezwa kamwe. Niliyasoma maneno hayo, nikayarudia. Binti yangu akanivuta mkono na kuniuliza kwa Kiingereza kwa nini nalia. Nikamwambia ni vumbi. Akakitazama chumba kile kisafi kama hospitali.

Nakala ya Shangazi ilinunuliwa kwenye soko la Jumapili kando ya uwanja wa mpira wa Wembley, kwa mzee wa Kizungu aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mkewe juu ya meza ya kukunja. Ilikuwa ndani ya fremu nyeusi ya mbao yenye kioo mbele. Mistari yake ilikuwa myembamba kama nywele. Mpini ulikuwa mwanamke mwenye mbawa, ambaye badala ya miguu alikuwa na mikia miwili ya nyoka iliyosokotana. Kulizunguka umbo la yai lililokuwa katikati kulikuwa na mashada ya matunda, ndege wakidonoa zabibu, vichwa viwili vya mbuzi, uso wa simba aliyeng'ata pete, na juu kabisa wanawake wawili wenye mikia ya samaki wameshika taji. Wanawake wale walikuwa vifua wazi. Shangazi, ambaye hakukosa sala hata moja, aliifungua fremu akawabandikia vipande vya karatasi ya dhahabu ya chokoleti, akaifunga, akaitundika kwenye ukumbi wa kuingilia, mkabala na makoti, mahali ambapo taa ilikuwa imeungua na hakuna aliyeibadilisha.

Lile yai la katikati ndilo lililokuwa uso wa kioo. Fundi alilijaza mistari iliyolala, iliyobanana mno, mpaka likawa jeusi kama televisheni iliyozimwa.

Nilifika nyumba ile nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa ametangulia, akaishi kwa dada yake, akapata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Mama alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Unguja, akanikabidhi kwa mwanamke tuliyefahamiana naye mtaani aliyekuwa akisafiri siku ile, akanifunga vifungo vya sweta alilonifumia mwenyewe kwa uzi wa kijani. Akaniambia, "Tangulia, mwanangu. Karatasi zangu zikitoka ntakuja nyuma yako." Nami nikalifahamu hilo "nyuma yako" kama anavyofahamu mtoto. Njia nzima ndani ya ndege nilikuwa nageuka kutazama viti vya nyuma, mpaka yule mwanamke akanishika kichwa akakielekeza mbele.

Siku hiyo hiyo ya kufika, kabla sijavua viatu, Salha alinibeba na kunisimamisha juu ya kabati la viatu pale ukumbini. Salha ni binti ya Shangazi, wakati huo wa miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa London. Kiswahili alikielewa chote ila alikijibu kwa Kiingereza. Lakini siku ile alijikaza akasema Kiswahili, ili nimwelewe vizuri.

"Jitazame. Unajiona?"

Nilitazama lile yai jeusi. Nikaona weusi.

"Sijioni."

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kanga yake kiunoni. "Mambo ya ajabu hayo," akasema, bila kucheka. "Kioo hiki cha Wazungu wa kale. Hakimwoni kila mtu. Kinamwona mtoto aliye na mama yake ndani ya nyumba. Salha, hebu jitazame."

Salha akasogea, akageuza uso upande huu na upande huu, akajipangusa jicho kwa ncha ya kidole kama anayeondoa wanja uliomwagika. "Najiona," akasema.

Sikuwa na sababu ya kutoamini. Nilikuwa nimepanda kitu cha chuma kikaruka juu ya mawingu, nimefika mahali ambapo maji ya moto yanatoka ukutani na mlango wa duka unafunguka wenyewe. Kwa nini pasiwe na kioo kinachochagua?

Ikawa kila asubuhi, kabla ya skuli, napanda kabati la viatu. Nilikuwa najitazama kwa haraka, kama mtu anayechungulia sufuria, halafu nashuka. Nikimkuta Shangazi ananiangalia, huniuliza, "Je, kimekuona?" Nami natikisa kichwa. "Basi bado," husema, na kuendelea na shughuli zake.

Shangazi hakumpenda mama yangu. Hilo nimelijua baadaye, ingawa hata wakati ule halikuwa limefichwa. Mama alikuwa binti wa mchoma mihogo wa mitaa ya Ng'ambo huko Unguja, na Baba alimwoa bila kuwauliza kwao. Kwa Shangazi, mama hakuwa na jina kamili. Alikuwa "Kazija yule." Nikishika kijiko vibaya, nimemfuata Kazija yule. Nikikojoa kitandani, ndiyo damu ya Kazija yule. Lile sweta la kijani halikumaliza mwezi. Nilirudi skuli siku moja nikalikuta limekatwa vipande, na kipande kimoja Salha anafutia vumbi televisheni. Shangazi alisema lilikuwa na harufu. Ni kweli lilikuwa na harufu, ya sabuni ya mche na mafuta ya taa. Ndiyo maana nilikuwa nalala nalo.

Simu ya nyumba ilikuwa chumbani kwa Shangazi, na chumba kilifungwa kwa ufunguo. Mama alikuwa akipiga siku za Ijumaa, kutoka kwa jirani. Nilijua ni yeye kwa sababu Shangazi alibadilisha sauti, akaifanya ya upole kabisa. "Yuko skuli, bibi weye. Bado hajarudi." Mimi nimekaa kwenye zulia mbele yake, namtazama. Anajiwekea kidole mdomoni ili ninyamaze. "Wallahi anakusalimia sana." Akishaiweka simu chini ananiambia, "Tazama anavyopoteza pesa za watu."

Baba alikuwa wapi? Alikuwa pale. Aliingia alfajiri na unga kwenye nyusi, akalala, akaamka jioni, akala, akatoka. Alikuwa mtu mzuri mwenye sauti ndogo, na watu wa namna hiyo wanaweza kukaa chumba kimoja na ukatili wa kila aina na wasiinue kichwa. Nilimuuliza mara moja Mama anakuja lini. Alinishika sikio akalichezea, akasema, "Muulize shangazi yako."

Kipindi cha baridi kikapita. Ndipo ukaja wakati nyumba ikaanza kusafishwa. Walikuja wanawake watatu wanne wa Kizanzibari kutoka mitaa ya jirani, wakaosha mapazia, wakafukiza udi, wakapika vileja na visheti kwa madishi. Chumba cha nyuma, ambacho mimi na Baba tulikuwa tukilala kwa zamu, yeye mchana mimi usiku, kikaletewa kitanda kipya kipana na shuka za waridi. Nikamwuliza Shangazi kuna nini.

Alikuwa akikanda unga. Aliwatazama wenzake kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Jumamosi mama yako anakuja."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilikaa chini ghafla, juu ya gunia la mchele, kama mtu aliyesukumwa.

"Anakuja na ndege?" niliuliza.

"Anakuja na gari. Ndege itatua wapi mtaa huu?"

Wanawake wakacheka sana. Mmoja wao, mnene, mwenye jino la dhahabu, akasema, "Asya, muogope Mungu." Lakini alisema huku anacheka, na machozi ya kicheko yanamtoka.

Nilikuwa na kazi nyingi kabla ya Jumamosi. Nilijifunza kulala nimebanana na ukuta ili upande wa pili ubaki wazi. Usiku wa kwanza niliamka nimetapakaa kitanda kizima, nikajikasirikia, nikarudi ukutani. Nilimweleza mwalimu wangu kwa Kiingereza changu kidogo kwamba mama anakuja Jumamosi na gari, na mwalimu akawaambia wenzangu wanipigie makofi. Na kila asubuhi nilipanda kabati la viatu, nikakiambia kile kioo kimya kimya kwamba bado kidogo tu.

Jumamosi nilivishwa gauni jeupe lenye tabaka tabaka, nikapakwa wanja, nikaambiwa nikae penye ngazi nisijichafue. Nyumba ilijaa wanawake na udi mpaka macho yanawasha. Alikuwapo pia mpiga picha wa video, kijana wa Mombasa mwenye kamera begani na taa kali juu yake. Nyinyi wenzangu mnaozikumbuka harusi za miaka ile mnazikumbuka taa zile. Zikikugeukia unahisi joto usoni kama umefungua tanuri.

Gari lilipopiga honi nje, vigelegele vikalipuka. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke aliyefunikwa mtandio wa dhahabu kuanzia kichwani mpaka kiunoni, ameshikwa mikono huku na huku, anatembea taratibu, kichwa chini. Sikungoja. Niliteleza ngazi kwa makalio, nikapenya kati ya miguu ya watu, nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote.

"Mama!"

Ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Mkono wa yule mwanamke ukanishuka kichwani, ukanipapasa. Ulikuwa na hina nyeusi iliyokolea. Nilivuta pumzi nikakutana na manukato ya dukani. Nikajiambia amepata nguo mpya, basi na harufu mpya.

"Haya," akasema Shangazi. "Leo si ndiyo leo? Kajitazame kwenye kioo chako."

Akaninyanyua yeye mwenyewe akanisimamisha juu ya kabati la viatu. Yule kijana akasogea karibu na kamera yake, na taa ikaja nayo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile, ukumbi ule wa giza ukawaka mchana. Na ndani ya lile yai jeusi, katikati ya mbuzi na zabibu na wanawake samaki, nikauona uso wangu.

Niliuona waziwazi, wanja, pengo la meno mawili yaliyotoka, kila kitu. Nilicheka. Na nyuma ya bega langu, ndani ya yai hilo hilo, nikauona mkono wa Shangazi ukiushika mtandio wa dhahabu na kuuinua, na uso uliotoka chini yake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Msichana tu, mwenye vipodozi vingi na macho yaliyovimba kwa usingizi.

"Huyu siye!" nilipiga ukelele. "Siye! Huyu siye mama yangu!"

Walicheka. Sitawasingizia, hawakucheka wote, lakini waliocheka walitosha. Salha alikuwa amejiinamia anashika tumbo. Yule mwenye jino la dhahabu alisema, "Masikini, mtoto hajaambiwa," kwa namna mtu anavyosema chai haina sukari. Mimi nilikuwa nalia, nimeng'ang'ania fremu ya picha kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Mama yangu yuko Unguja! Mama yangu Kazija, yuko Unguja!"

Hapo bibi harusi akamgeukia Shangazi. Jina lake Nasra, kwao Pemba, amekulia London, na ndiye aliyekuwa na karatasi za nchi, ambazo Baba alikuwa akizihitaji. Alisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Si mliniambia mkewe amefariki?"

Vigelegele vikakatika. Shangazi akamrekebishia mtandio mabegani, akaukunjua vizuri kila upande.

"Kwako weye amefariki," akasema.

Yule kijana wa Mombasa akaiteremsha kamera kidogo. "Niendelee kuchukua, mama?"

"Chukua. Tunakulipa ya nini?"

Nasra alisimama pale. Namkumbuka alivyoutazama mlango uliokuwa bado wazi, na gari nje, na kaka zake wawili wenye suti wamesimama barabarani wanavuta sigara. Halafu akanitazama mimi juu ya kabati. Ndoa ilikuwa imeshafungwa msikitini tangu mchana. Akainamisha kichwa, wakamshika mikono, wakampeleka kwenye kiti kilichopambwa, na mwanamke mmoja akaanza kuimba.

Talaka ya mama yangu, nilikuja kujua, ilikuwa imepelekwa kwa simu miezi kadhaa kabla, kutoka chumba kile kile chenye ufunguo. Baba alisema maneno na Shangazi alikaa karibu yake kuhakikisha ameyasema.

Mkanda wa video ulipokuwa tayari ulikuwa umetiwa taarabu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyokuwa desturi. Kwa hiyo ndani yake hakuna maneno. Kuna mtoto mwenye gauni jeupe, mdomo umeachama, anang'ang'ania picha ukutani, na muziki wa furaha. Kuna bibi harusi anayefungua midomo, na Shangazi anayejibu, na vinanda vinaendelea. Mkanda ule uliwekwa kila alipokuja mgeni, na sikukuu zote mbili, Idi ndogo na kubwa. Salha alikuwa na kazi ya kuurudisha nyuma pale pangu, mdomo wangu ukajifunga na kujifungua, ukajifunga na kujifungua, mpaka watu wakachoka kucheka. Wageni wasiojua kitu walisema, "Mtoto huyu alikuwa mkorofi tangu zamani." Nasra kila ulipowekwa aliinuka akaenda kuosha vyombo, hata kama vyombo vilikuwa visafi.

Nasra hakuwa malaika. Alidanganywa, na mtu wa kumtolea hasira zake nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa udanganyifu wenyewe, naenda naye jikoni, nalala sebuleni juu ya magodoro ya wageni, nakojoa. Aliwahi kunizaba kibao nilipovunja kikombe, halafu akakaa chini kwenye sakafu ya jiko akalia kuliko mimi. Mimi kwa upande wangu sikumwita chochote. Nikitaka kitu nilisimama mbele yake mpaka aniulize.

Jambo hilo Shangazi hakuliacha lipite. Akaweka sheria. Wakati wa chakula cha jioni Nasra ndiye atakayepakua, na mimi nitaomba kwa ulimi wangu: "Mama, naomba chakula." Nikikosa kusema hivyo, sili.

"Naomba chakula," nilisema siku ya kwanza.

"Unamwomba nani?" akauliza Shangazi.

Nikaisogeza sahani yangu mbele.

"Mwenye njaa anajua jina la anayempa. Kalale."

Nasra alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria. Baba alikuwa amekula matonge kadhaa, akaendelea kutafuna tonge lililokuwa mdomoni kwa muda mrefu sana. Niliondoka mezani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Skuli nilikuwa napata chakula cha mchana, kwa hiyo sikufa. Lakini jioni nililala nasikia vijiko, na nikajifunza kuvitambua. Cha Shangazi kilikuwa kinagonga sahani mwishoni, kama anayepiga muhuri.

Jumamosi moja Nasra akaniambia nivae koti. Shangazi akauliza tunakwenda wapi. Nasra akasema kunitafutia viatu vya skuli. Tulitembea mpaka barabara kuu, yeye mbele mimi nyuma, lakini duka la viatu hatukuingia. Tuliingia duka la Mhindi aliyezaliwa Nairobi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akiuza bamia, vitunguu, na kadi za simu za kukwangua. Alipenda kusema Kiswahili na kila aliyekuja.

"Unapigia wapi, mama? Nairobi? Mombasa?"

"Zanzibar."

"Zanzibar kadi hii mbaya, inakula dakika. Chukua hii." Akachungulia juu ya kaunta akaniona. "Na huyu toto yako namna gani, mbona kondefu hivi? Hapana kula?"

Nasra alilipa. Alichukua kadi, akanishika mkono kwa mara ya kwanza, akanipeleka kwenye kibanda cha simu karibu na stesheni. Ndani kulinuka mkojo na sigara. Alikwangua kadi kwa ufunguo wa nyumba, akabonyeza namba nyingi, akakosea, akatukana, akaanza upya.

"Namba nimempokonya baba yako," akasema, bila kunitazama. "Ya jirani yenu. Usije ukamwambia mtu."

Upande wa pili simu ikapokelewa. Nasra akasema amwitie Kazija, aseme ni mwanawe. Kisha akanipa mkono wa simu, akatoka nje, akauzuia mlango kwa mguu usijifunge, akawa anatazama mabasi. Nilisikia jogoo. Nilisikia mtu anapiga kelele "Kazijaa! Mbio!" na viatu vya plastiki vinakuja vinapiga sakafu. Nilikuwa nimesahau kwamba vitu hivyo bado vipo.

"Mize? Mize, mwanangu, ndo weye?"

"Ndo miye."

"Sema tena nikusikie. Unaumwa? Mbona sauti imekuwa hivyo? Unakula?"

"Sili."

"Huli kwa nini?"

"Shangazi hanipi mpaka nimwite yule mama."

Nilidhani kadi imekwisha. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Yule yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa mlangoni."

"Ndo yeye alopiga simu?"

"Ndiyo."

"Shangazi yako anajua?"

"Hajui."

"Basi mwite," akasema.

"Sitaki. Mama yangu wewe."

"Miye siye." Sauti yake ilikuwa imebadilika, kavu, kama ya mtu anayefukuza kuku. "Unanisikia? Miye niko huku. Huko uliko miye si mama wa mtu. Mwite. Mwite sasa hivi nisikie."

"Mama..."

"Usinililie! Kadi inakwisha. Mwite yule, kwa sauti, nisikie kwa masikio yangu."

Nikaiondoa simu mdomoni lakini si sikioni. Nikageuka. Nasra alikuwa amenipa mgongo, mtandio wake unapeperushwa na upepo wa magari.

"Mama," nikasema.

Hakugeuka.

"Kwa sauti!" ikasema simu.

"Mama!"

Nasra akageuka. Sijui aliniona nina sura gani, lakini aliacha mlango ukamponyoka mguuni, ukajifunga, akabaki nje ya kioo ananitazama. Sikioni mwangu nikasikia, "Haya. Ushaweza." Halafu sauti ya mwanamke wa mashine, kwa Kiingereza safi chenye adabu, ikanieleza kwamba dakika zangu zimekwisha.

Miaka na miaka nilimchukia mama yangu kwa simu ile. Niliamini kwamba alikuwa amenichoka, na amepata nafasi ya kunigawa, akaitumia. Nilimwona tena nikiwa mtu mzima, mwanamke mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na hatukuwa na mengi ya kusema kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimebaki cha mtoto wa miaka saba. Simu hiyo hakuitaja, wala mimi. Jirani yake ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunamenya viazi. Siku ile Kazija alikaa na mkono wa simu sikioni mpaka adhuhuri, hataki kuurudisha, anawaambia watu waliotaka kupiga simu zao wanyamaze, bado anazungumza na mwanawe.

Lakini hayo sikuyajua wakati ule. Tulirudi nyumbani bila viatu. Nasra akamwambia Shangazi kwamba hawakuwa na saizi yangu. Jioni akapika wali na mchuzi wa kuku, na sote tukakaa, na Baba akatazama sahani yake, na Shangazi akaegemea kiti akaniangalia.

"Haya," akasema.

"Mama, naomba chakula," nikasema.

Upawa uligonga ukingo wa sufuria. Nasra alinipakulia wali mlima mzima, akanitilia paja la kuku, na mchuzi, na mchuzi tena, mpaka ukamwagika mezani. Shangazi alicheka kwa furaha ya kweli. "Mnaona? Mtoto ni kufundishwa tu." Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akaniita mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilikula vyote. Nilisafisha sahani kwa kidole. Kisha nikaisukuma kuelekea kwa Nasra, ambaye alikuwa hajagusa chakula chake.

"Mama," nikasema, "niongeze."